Lango la Petite Barrière: kwa nini tuliomba lisifungwe saa tisa



Tangu mwezi wa sita wa mwaka 2022 wengi wenu mmetuuliza: kwa nini wachungaji wa Goma wanajishughulisha na saa za kufunga mpaka? Je, hiyo ni kazi ya kanisa? Tumeona vema kujibu kwa maandishi na kwa utulivu. Tutaeleza kwanza jambo lenyewe, kisha sababu zetu, kisha yale tunayoomba na namna ya kuyaomba.

Lango lenyewe

Mji wetu hauna gari la moshi wala stesheni. Kituo chetu kikubwa cha wasafiri ni lango la kupita kwa miguu. Goma ina milango miwili mikuu kuelekea Gisenyi, nchini Rwanda. Grande Barrière iko karibu na Ziwa Kivu, na magari hupita huko. Petite Barrière iko upande wa Birere, nayo ni ya watu wa miguu. Kabla ya korona, makumi ya maelfu ya watu walipita hapo kila siku, na lango hilo lilihesabiwa kati ya yale yanayopitwa na watembea kwa miguu wengi zaidi katika Afrika.

Wanaopita ni nani? Ni wamama wanaobeba nyanya, karoti, viazi, maziwa na mayai kutoka upande wa Gisenyi. Ni wale wanaovusha vitenge, viatu na sambaza kwenda upande wa pili. Ni wanafunzi wanaolala nchi moja na kusoma nchi nyingine, mafundi na vibarua. Ni ndugu zetu wenye ulemavu wanaosukuma mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Wengi wao wamejenga nyumba na kulipa shule za watoto kwa kazi hiyo. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2011 kuhusu wafanyabiashara wadogo wa mipaka ya Maziwa Makuu ulionyesha kwamba walio wengi ni wanawake. Sisi tunaliona hilo kila Jumapili. Tukiwaomba wote wanaoishi kwa barrière wasimame, viti vya upande wa wamama vitabaki vitupu.

Kilichobadilika

Mwezi Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona. Bidhaa ziliendelea kuvuka kwa vikundi, lakini mama mwenye kitunga kimoja hakuweza tena kwenda na kurudi mwenyewe. Rwanda ilifungua tena mipaka yake ya nchi kavu tarehe 7 Machi 2022. Watu wakaanza kuinuka polepole. Likelemba zilizokuwa zimelala zikaamka. Wengine walikopa mtaji mpya kwa riba.

Kisha, asubuhi ya Ijumaa tarehe 17 Juni 2022, askari mmoja wa jeshi letu alivuka Petite Barrière akifyatua risasi, akauawa upande wa Rwanda. Ilikuwa siku nne tu baada ya Bunagana kuanguka mikononi mwa M23, na mioyo ya watu ilikuwa inawaka. Baada ya tukio hilo viongozi wa jimbo waliamua kwamba mpaka ufungwe saa tisa alasiri badala ya saa kumi na mbili jioni. Kutoka 7 Machi hadi 17 Juni ni siku 102. Hizo ndizo siku ambazo wamama wetu walipata kupumua.

Hatusemi kwamba uamuzi ule haukuwa na sababu. Damu ilikuwa imemwagika. Umati ulikuwa umekusanyika mpakani. Kiongozi mwenye jukumu la usalama asingeweza kukaa bila kufanya neno. Tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya état de siège, na tunajua uzito ulio juu ya mabega ya wanaotawala. Tunawaombea. Lakini hatua iliyochukuliwa katika saa ya hasira na hofu isigeuke kuwa desturi kwa sababu tu hakuna aliyesema.

Saa tatu zina thamani gani?

Mtu mwenye mshahara anaweza kusema: saa tatu ni kitu gani? Waamke mapema. Tueleze hesabu yake.

Lango lilikuwa likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Hizo ni saa 12. Mwaka 2022 zilibaki 9, yaani robo ya siku iliondolewa. Kwa mwenye mtaji mdogo, robo hiyo ndiyo safari ya pili. Asubuhi anavuka, ananunua, anarudi, anauza Birere au Virunga. Kwa fedha ile ile anavuka tena mchana. Safari ya kwanza inarudisha mtaji. Safari ya pili ndiyo inayoleta chakula cha jioni. Ukiiondoa, mama anafanya kazi ile ile na kubaki na mtaji ule ule, bila faida, na siku ya likelemba inafika.

Tena, saa ni bei. Anayeuza upande ule mwingine anapaswa kumaliza kabla lango halijafungwa. Mnunuzi anajua hivyo. Anapitapita, anagusa nyanya, anaondoka, anarudi saa nane akitoa nusu ya bei. Mwenye nyanya atafanya nini? Nyanya hazingoji kesho. Mama wa Rwanda anayekuja kuuza mboga Goma anaumia vivyo hivyo, na mama wa Goma anayempokea ili auze rejareja jioni anaumia pamoja naye.

Halafu foleni. Watu wale wale wanaolazimika kupita katika saa chache wanasongamana. Anayesukuma baiskeli ya magurudumu matatu anabaki nyuma. Mjamzito anabanwa. Na foleni ikirefuka, hongo inanenepa, kwa maana mwenye haraka atatafuta mtu wa kumpitisha mbele.

Mama mmoja wa kwaya yetu alifika langoni dakika chache baada ya saa tisa akiwa na ndoo ya maziwa. Mtoto wake wa miezi saba alikuwa kwa jirani, Birere, ambapo kutoka langoni ukitembea kwa miguu hutachoka. Lango lilikuwa limekwisha kufungwa. Usiku ule alilala Gisenyi kwa mtu asiyemjua, na jirani alizunguka na mtoto anayelia mpaka asubuhi. Maziwa yaliharibika. Alipotusimulia hakulalamikia maziwa. Alisema, «Mchungaji, nilikuwa naona paa la kwetu.»

Wengine hawakubali kulala huko. Wanatafuta njia za pembeni ambako hakuna ofisi wala taa. Huko mwanamke anaweza kunyang'anywa, kutukanwa, kushikwa kwa nguvu, hata kupigwa risasi na mlinzi asiyejua ni nani anayekuja gizani. Hapa ndipo tunawaomba wakubwa wetu wafikiri nasi: lango linalofungwa mapema kwa ajili ya usalama linawasukuma watu kutoka mahali wanapoonekana kwenda mahali wasipoonekana. Mwenye nia mbaya anazijua njia hizo tangu zamani. Aliyeongezwa huko ni mama mwenye ndoo.

Lango la biashara ni lango la kukimbilia

Kuna jambo jingine, na waliokuwa Goma mwaka 2021 hawahitaji kuelezwa. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, saa za jioni, Nyiragongo ililipuka. Maelfu ya watu walielekea Gisenyi usiku ule ule, na wakati huo mpaka ulikuwa bado katika masharti ya korona. Tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji, mamia ya maelfu walikimbilia huko huko. Na mwaka 1994 tuliona njia hizo hizo zikijaa watu waliotoka upande wa pili kuja kwetu. Mlima haulizi saa. Kwa hiyo kila amri kuhusu lango hili inapaswa kujibu swali moja: volkano ikiamka usiku, nani ana mamlaka ya kufungua, na atafungua kwa haraka gani? Jambo hilo liandikwe na kutangazwa mitaani kabla ya siku yenyewe.

Si kila badiliko ni baya

Tusidhaniwe kuwa tunapinga kila kitu kipya. Ebola ilipotangazwa katika Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, langoni paliwekwa maji ya kunawa na vipimo vya joto. Wengine walinung'unika. Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza alithibitishwa hapa Goma, naye alikuwa mchungaji aliyetoka Butembo kwa basi. Ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 2,200 kabla haujatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Tarehe 1 Agosti 2019 Rwanda ilifunga mpaka kwa muda wa saa chache, kisha ikaufungua tena siku ile ile, na unawaji ukaendelea. Tulihubiri juu ya maji yale madhabahuni. Tuliwaambia waumini wakubali kupimwa, nao walikubali, kwa sababu badiliko lile lilimlinda anayepita bila kumnyima njia.

Basi tuna kipimo. Badiliko jema langoni linamfanya anayepita awe salama zaidi, na sababu yake inaelezwa. Badiliko baya linamwondoa machoni petu tu, halafu tunasema pametulia.

Maandiko yanasema nini juu ya malango?

Katika Biblia lango la mji halikuwa ukuta wenye tundu. Lilikuwa soko, baraza na mahakama. Boazi alipotaka kumaliza shauri la Ruthu, mjane na mgeni kutoka Moabu, alikwenda kuketi langoni na kuwaita wazee kumi (Ruthu 4). Nabii Amosi aliwakemea watu waliomkandamiza maskini langoni, akadai haki isimamishwe mahali hapo hapo (Amosi 5). Na Petro na Yohana walimkuta kiwete kwenye mlango wa hekalu ulioitwa Mzuri, mahali alipowekwa kila siku (Matendo 3). Kila mara langoni kuna mtu asiyeweza kuingia bila wengine.

Ndugu mmoja ametuuliza: je, si Nehemia mwenyewe aliyefunga malango ya Yerusalemu mbele ya wafanyabiashara? Ni kweli, tena swali hilo ni zuri. Katika sura ya 13 Nehemia aliamuru malango yafungwe kwa ajili ya Sabato, na wachuuzi wakalala nje. Kwa hiyo kufunga lango si dhambi. Lakini tusome kitabu chote. Amri ile ilikuwa na sababu iliyojulikana na wote, na mwisho uliojulikana na wote: Sabato ikiisha, lango linafunguliwa. Tena, kabla ya kuweka saa za malango katika sura ya 7, kuna sura ya 5. Hapo watu na wake zao wanamlilia Nehemia juu ya njaa na madeni, naye anasikia, anakasirika kwa ajili yao, na kuwakemea wakubwa. Alisikiliza kilio kwanza, ndipo akaweka walinzi. Sisi tunaomba mpangilio huo huo: sura ya 5 itangulie sura ya 7.

Tunaomba nini

Kwanza, mwaka 2022 tuliomba saa ya kufunga irudi kuwa saa kumi na mbili jioni. Kama viongozi waliona haiwezekani mara moja, basi tuliomba irudi kwa hatua, na tarehe ya kila hatua itangazwe.

Pili, anayefika akiwa amechelewa kidogo, hasa mama mwenye mtoto mchanga, mgonjwa, mwanafunzi na mlemavu, awe na utaratibu wa kurudi kwake siku hiyo hiyo bila kulipa kitu.

Tatu, sheria ya nchi ifuatwe. Amri ya rais ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja idara nne tu zinazoruhusiwa kufanya kazi mipakani: forodha, ambayo leo ni DGDA, uhamiaji, yaani DGM, ukaguzi wa bidhaa, yaani OCC, na afya ya mipakani. Waumini wengi hawajui jambo hili. Anayekuomba fedha mpakani nje ya hizo nne, una haki ya kumuuliza kwa heshima anatoka idara gani. Na hata wa hizo nne, unayemlipa akupe risiti.

Nne, pawepo na njia pana ya baiskeli za walemavu, taa za kutosha, na wanawake wa kuwapekua wanawake wenzao. Mambo hayo yanaongeza usalama kuliko kufunga mapema.

Tano, mpango wa kufungua wakati wa volkano uandikwe na ujulikane.

Tunaongeza neno moja. Tarehe 8 Aprili 2022 nchi yetu ilitia saini mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tarehe 11 Julai ilikamilisha uanachama wake. Jumuiya hiyo inazungumza juu ya soko la pamoja na watu kutembea kwa uhuru. Mama wa Birere hatalijua soko hilo kwa hotuba. Atalijua langoni, mara mbili kwa siku.

Tutaomba namna gani

Hatutaomba kwa mawe wala kwa matairi ya kuchoma. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa serikali, yeye peke yake au pamoja na wengine. Serikali inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna anayeweza kushtakiwa kwa sababu ya kufanya hivyo. Njia hiyo inatutosha.

Kila kutaniko la Goma linaombwa kukusanya ushuhuda wa wanaopita: alifika saa ngapi, alirudishwa au hapana, alipoteza nini, alilipa nini bila risiti. Andikeni tarehe. Msiandike mliyoyasikia kwa mtu, andikeni yaliyowapata. Jina la mama libaki kwa mchungaji wake ili asije akasumbuliwa. Karatasi hizo zitaunganishwa na ombi letu na kupelekwa kwa meya na kwa gavana, kwa adabu, tukiwaalika pia wakuu wa forodha na uhamiaji kuketi nasi.

Nanyi wa Kasindi, Ruzizi, Kavimvira na Mahagi, mnayo malango yenu. Fanyeni hesabu yenu pia, kwa sababu linalokubaliwa kimya mahali pamoja linahamia mahali pengine.

Na hili tunalisema tukilia. Siku hizi ulimi wa watu wengi umekuwa mkali. Kuna anayeonekana adui kwa sababu ya lugha anayoongea au sura yake. Mkristo asiingie huko. Tunalia juu ya ndugu zetu wa Rutshuru walioacha nyumba zao, na tunataka haki kwa ajili yao. Lakini mama wa Gisenyi aliyempa mwanakwaya wetu mkeka usiku ule hakumuuliza kabila. Alimpa uji asubuhi, akamsindikiza mpaka langoni. Tukiomba lango lifunguliwe huku tukiufunga moyo, ombi letu halitakuwa na nguvu mbele za Mungu.

Juma hili, katika ibada za asubuhi, tuombe kwa ajili ya mambo matatu: viongozi wa jimbo wapate hekima na masikio, askari na watumishi walioko langoni wafanye kazi bila hofu na bila hongo, na wamama wote waliovuka leo walale nyumbani kwao.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote.